Nani Alimfundisha Daktari Kumtibu Bibi?

Tulipotangaza kwamba ukurasa huu utajibu maswali juu ya matibabu ya wazee, barua zilijaa boksi. Nusu nzima zinauliza mzee ale nini. Ale chakula, tena na wenzake. Hizo nimeziweka kando, nimebaki na zile zinazoniudhi na zile zinazoninyima usingizi. Kazi yangu ni kufundisha madaktari katika hospitali ya rufaa: asubuhi raundi wodini, mchana darasani. Nina miaka 58, kwa hiyo ninapowakazania vijana hawa wajifunze kumtibu mzee, nina masilahi yangu humo.

SWALI: Mama yangu ana miaka 74. Ameanguka mara tatu tangu Ramadhani. Nilimpeleka hospitali, daktari alimtazama usoni, hakuinuka kitini, akasema, "Mama, ni umri tu," akaandika dawa ya maumivu. Je, kuna dawa ya umri? (Tanga)

JIBU: Barua kumi na nne zimeleta kisa hiki kimoja, umebadilika mji na kiungo kinachouma tu. Nazijibu kwa pamoja.

Umri hauangushi mtu. Kinachomwangusha mama kina jina lake, na mara nyingi ni vitu viwili vitatu vimekutana: presha inayoporomoka akisimama, mtoto wa jicho, ganzi ya nyayo kwa sababu ya kisukari, kidonge cha usingizi, kandambili iliyolika upande mmoja, choo cha nje usiku bila taa. Kila kimoja kina kipimo au kinaonekana kwa macho. Aliyesema "ni umri tu" hakupima chochote, na amemrudisha mama yako nyumbani aende akavunjike nyonga.

Inasimuliwa kwamba Ignatz Nascher, mzaliwa wa Vienna aliyesomea udaktari New York, alionyeshwa bibi mmoja mgonjwa siku za uanafunzi wake. Akamuuliza mwalimu: anaumwa nini? Akajibiwa, uzee. Afanyiwe nini? Hakuna. Kijana hakuridhika. Mwaka 1909 yeye ndiye aliyeupa utabibu wa wazee jina lake la kitaalamu, jeriatria. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na jibu la yule mwalimu bado linazunguka wodini, limevaa koti jeupe na kitambulisho shingoni.

Mwanafunzi anayepita kwangu haondoki bila kujua vitu viwili visivyohitaji umeme. Cha kwanza: mpime mzee presha akiwa amelala dakika tano, kisha msimamishe, umpime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, umeshapata sababu moja ya kuanguka, na huenda aliyeisababisha ni daktari mwenzako kwa dawa alizoandika. Cha pili: mkalishe kwenye kiti cha kawaida, mwambie asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Ukihesabu sekunde 12 au zaidi, yuko hatarini. Kazi yote hiyo inachukua muda mfupi kuliko kutafuta faili lake masijala.

Mrudishe mama. Sema hivi: "Naomba apimwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama." Daktari akikushangaa, badilisha daktari.

SWALI: Je, kuna sindano ya kuzuia uzee? (Dodoma)

JIBU: Hakuna.

SWALI: Na ile mashine ya semina za virutubisho, unashika kipande cha chuma inasoma viungo vyote vya mwili? Baba kaambiwa ini lake lina miaka mia. (Arusha)

JIBU: Haisomi kitu. Kadai pesa zenu, na lile begi la makopo mliloondoka nalo lisiingie jikoni.

SWALI: Baba ana miaka 81. Jumapili alikuwa kanisani, akasoma somo la pili bila miwani ya kuazima. Jumatano akaanza kuzungumza na kaka yake aliyefariki, hataki kula, usiku anavua nguo na kutafuta mlango. Zahanati wamesema malaria imepanda kichwani. Jirani anasema katumiwa kitu. Kaka yangu anasema tukubali tu, uzee umeingia. Nani mkweli? (Morogoro)

JIBU: Hakuna hata mmoja. Na hapa naomba radhi kwa msomaji mwenye haraka, maana hili nitalieleza mpaka lieleweke. Kama kuna kosa moja ambalo ningepewa nafasi ya kuling'oa katika hospitali zetu zote kabla sijastaafu, ni hili.

Mzee aliyekuwa na akili zake Jumapili hawezi kuzeeka hadi Jumatano. Mwili hauna mbio hizo. Akili ikichafuka ndani ya saa au siku, hiyo ni dharura ya hospitali sawasawa na kifua kubana. Kitaalamu inaitwa deliriamu. Ubongo wa kijana una akiba. Akipata homa, akikosa maji, akikesha, anakopa kwenye akiba hiyo na maisha yanaendelea. Mzee wa miaka 81 anatumia karibu akiba yake yote kuishi siku ya kawaida. Ukimwongezea jambo dogo, ubongo ndio unaoanguka kwanza, hata kama ugonjwa wenyewe uko mbali kabisa na kichwa.

Uko wapi, basi? Mapafuni, kwa nimonia isiyo na kikohozi wala homa, kwa sababu wazee wengi hawapandi joto kama sisi. Kwenye kibofu kilichoziba. Kwenye choo kilichokuwa kigumu siku sita na hakuna aliyeuliza. Kwenye sukari iliyoshuka kwa sababu kameza dawa hakula. Kwenye mshtuko wa moyo ambao haukuuma kifua. Kwenye mfupa uliovunjika ambao hawezi kuusemea. Na mara nyingi mno, kwenye dawa aliyopewa wiki ileile.

Niwape kisa ninachowapa wanafunzi kila mwaka, na hakinipi sifa. Nilikuwa intaani, miezi minne kazini, hospitali sitaitaja. Usiku aliletwa mzee wa miaka 79 akipiga kelele, anamtukana binti yake matusi ambayo binti aliapa hajawahi kuyasikia kinywani mwake. Kipimo cha malaria kilisema hana. Nikaandika sindano za malaria hivyohivyo, na sindano ya kumtuliza, kwa sababu wodi nzima ilikuwa macho. Tukamfunga mikono kitandani kwa kanga za yule binti. Kwenye faili nikaandika "mabadiliko ya uzee." Nikaenda kulala.

Alfajiri nesi mmoja wa zamani, mama aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, akafunua shuka. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa limetuna kama mimba ya miezi mitano. Mzee alikuwa na tezi dume iliyovimba, alikuwa na mafua, na duka la jirani lilikuwa limempa piritoni siku tatu. Dawa ile hufunga mkojo wa mwenye tezi dume na kuuvuruga ubongo wa mzee yeyote. Nesi akamwekea mpira wa mkojo. Ikatoka lita moja na robo. Kufika saa nne asubuhi mzee amelala usingizi wa kawaida, na alipoamka akauliza habari za mpira mwingine: Yanga walishinda? Kisha akauliza kwa nini mikono yake ina alama.

Sikuwa nimefunua shuka. Miaka mitano ya chuo, mitihani yote nimefaulu, na hakuna mahali nilipoambiwa kwamba mzee anayetukana anaweza kuwa mkojo umemziba.

Sasa nawafundisha hivi. Muulize anayeishi naye: imeanza lini? Ikiwa ni siku, si miezi, simama hapo hapo. Je, kuna saa yuko sawa na saa hayuko? Mwambie mzee ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumapili. Mwenye deliriamu atapotelea njiani, hata kama jana alikuwa mweka hazina wa kikoba. Kisha mkague mwili mzima kuanzia utosini, ukifunua shuka.

Na mchunge zaidi mzee aliyetulia. Deliriamu ya kelele inajitangaza. Nyingine hulaza mtu kimya, anafumba macho, anajibu neno moja, hali. Wauguzi waliozidiwa na kazi wanamsifu: "babu wa kitanda namba nane hasumbui." Huyo hasumbui kwa sababu anakufa.

Demensia ni jambo jingine. Hiyo huja kwa miezi na miaka: anasahau chungu jikoni, anapotea njia ya shamba alilolilima miaka arobaini, anauliza swali moja mara sita. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na kuendelea walikuta demensia kwa watu kama 6 katika kila 100. Kwa hiyo hata katika umri huo walio wengi hawana, na "kila mzee husahau" ni maneno ya kijiweni. Huko huko Hai kilitengenezwa kipimo kifupi kisichomtaka mzee ajue kusoma: anaonyeshwa njiti za kiberiti zilizopangwa naye azipange vilevile, anaulizwa daraja ni nini, anataja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja. Nimeona madaktari wakimwambia bibi asiyewahi kukanyaga darasa aanze na mia moja akitoa saba saba, halafu wanaandika kwamba akili zake zimepungua. Aliyepungukiwa hapo si bibi.

Kumbuka pia kwamba mwenye demensia ndiye anayepata deliriamu kirahisi kuliko wote. "Huyu ni kawaida yake" si jibu. Uliza kawaida yake ilikuwaje wiki iliyopita.

Kuhusu malaria: ndiyo, malaria kali huvuruga akili. Lakini ina kipimo, na kipimo kikisema hana, tafuteni sababu nyingine. Mpelekeni baba hospitali leo.

SWALI: Mwalimu, sisi Waafrika tumelelewa kuheshimu wazee. Hayo mambo ya Ulaya ya kufundishwa namna ya kumhudumia mzee yanatuhusu nini? (Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, Dar es Salaam)

JIBU: Nilitaka kukuandikia wewe peke yako, ila wenzako watano wameuliza hivyo hivyo.

Juzi nilisimama nyuma ya pazia nikamsikiliza mwanafunzi kama wewe. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Heshima tele. Kisha akamgeukia binti: "Anaumwa nini?" "Anakunywa dawa gani?" "Choo anapata?" Dakika ishirini, babu katikati yao kama mzigo unaopimwa bandarini. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi na majibu yote alikuwa nayo. Nilipoingia nikamuuliza mwanafunzi kwa nini hakuzungumza na mgonjwa, akasema, "Hasikii." Tukachungulia masikioni. Nta. Tukaidondoshea mafuta, siku ya tatu ikasafishwa, babu akaanza kutusahihisha Kiswahili.

Shikamoo haipimi presha. Na mara nyingine heshima yetu ndiyo inayoua. Wanafunzi wanaona aibu kumuuliza bibi kama mkojo unamtoka, kwa hiyo bibi aliyetokwa na kizazi miaka tisa anaendelea kukirudisha kwa mkono na kukaa mbali na watu kanisani. Wanaona aibu kumpima babu VVU, kana kwamba mtu akifika miaka 65 anakabidhi mwili wake stoo. Tunapoteza wazee waliokonda mpaka mifupa, wamepimwa kifua kikuu, wamepimwa saratani, na kile kipimo cha dakika ishirini hakuna aliyethubutu kukitaja. Heshima ya daktari ni kuuliza kwa faragha, kwa lugha safi, na kuuliza yote.

Hayo ya "Ulaya" nayo hayakuanza kwa sababu Wazungu walijua. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, pembeni mwa London, ilirithi majengo ya jirani walimowekwa maskini, na ndani yake wagonjwa zaidi ya 700, wengi wazee, wengine wamelazwa kitandani miaka bila mtu kujua wanaumwa nini. Daktari Marjory Warren, aliyeanzia kwenye upasuaji, akawapitia mmoja mmoja. Akawakagua, akawapanga kwa magonjwa yao, akawasimamisha, akawatembeza. Wengi wakainuka, na baadhi wakarudi makwao. Mwaka 1943 akaandika kwamba wanafunzi wa udaktari lazima wafundishwe kazi hii. Hakuwa na mashine ambayo wewe huna.

Sisi hatuna majengo yale. Tuna vyumba vya uani.

SWALI: Nina duka la dawa muhimu. Wateja wangu wazee wanapenda piritoni ya usingizi na diklofenaki ya magoti. Ninawauzia kwa sababu wananiomba. Nakosea? (Singida)

JIBU: Ndiyo. Piritoni umeshaisoma hapo juu. Diklofenaki ukimpa mzee anayetumia dawa za presha na za kupunguza maji mwilini, unamharibia figo kwa muda mfupi, na tumbo lake linaweza kutoa damu bila kumuuma kwanza.

Lakini usibebe lawama peke yako, mnyororo huu tunausuka sote. Angalia unavyokwenda. Daktari wa kwanza anampa mzee amlodipini ya presha. Miguu inavimba, kwa sababu dawa ile huvimbisha vifundo. Daktari wa pili hamuulizi anakunywa nini, anaona miguu, anaandika dawa ya kukojoa. Mzee anaamka mara nne usiku, na damu inakosa chumvi. Daktari wa tatu anaambiwa halali, anaandika valiamu. Usiku wa saa tisa mzee anakwenda chooni amelewa dawa, anaanguka. Daktari wa nne ni wa mifupa. Madaktari wanne, kila mmoja amefanya kazi yake, na ugonjwa ulikuwa mmoja tu: presha.

Mmarekani Mark Beers alianzisha mwaka 1991 orodha ya dawa ambazo ni heri mzee aepushwe nazo, na inahuishwa mpaka leo. Piritoni imo. Valiamu imo. Glibenklamaidi, kidonge cha kisukari kinachomwagwa kama njugu katika kliniki zetu, imo, kwa sababu hushusha sukari ikakaa chini muda mrefu. Wanafunzi wangu wanaikariri kabla ya kugusa kalamu. Tena nawakumbusha kwamba kipimo cha kreatinini kinadanganya kwa mzee: misuli yake imepungua, kwa hiyo namba inatoka nzuri hata figo zikiwa zimechoka. Lazima upige hesabu pamoja na umri na uzito. Asiyepiga hesabu anatoa dozi ya kijana kwa bibi wa kilo 42.

Wewe dukani fanya jambo moja. Mzee akija kuomba dawa ya tatu, muulize mbili za kwanza ni zipi.

SWALI: Je, nchi yetu ina daktari bingwa wa wazee? Nimsubiri wapi? (Wasomaji wengi) Na sisi tunaosoma, tukibobea huko tutapata ajira? (Wanafunzi wengi)

JIBU: Msimsubiri. Wako wachache kiasi kwamba ukiamua kusubiri bingwa, mama yako atakuwa ameshazikwa. Piga hesabu: Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 2.5 wenye miaka 60 na kuendelea, na tangu hapo wameongezeka. Bingwa anahitaji miaka mitano ya shahada, mmoja wa mafunzo kazini, mitatu ya umahiri, kisha miaka mingine ya ubobezi. Hata tukianza leo kwa fujo hatutawafikia.

Ndiyo maana mimi sigombani sana juu ya mabingwa. Tunawahitaji wachache, wawe walimu. Glasgow ilipata profesa wa kwanza wa utabibu wa wazee mwaka 1965, Ferguson Anderson, na faida yake kubwa ilikuwa wanafunzi wa kawaida waliopita mikononi mwake. Ninachotaka ni kwamba kila daktari, kila tabibu wa kituo cha afya, kila muuguzi awe amekaa na wazee kwa makusudi. Hakuna anayehitimu bila wiki za watoto. Hakuna anayehitimu bila kuzalisha. Mzee mimi nilifundishwa kwa kubahatisha, kama alikuwepo kitandani siku ya raundi.

Bernard Isaacs, aliyefanya kazi Glasgow na Birmingham, alikuwa na majitu manne: kushindwa kutembea, kuanguka, kushindwa kuzuia haja, na akili kupungua. Alisema ugonjwa wowote wa mzee waweza kuingia kwa mlango mmojawapo. Tabibu wa zahanati akiyajua majitu hayo manne na akaacha kuyaita uzee, amemaliza nusu ya kazi ya bingwa.

Ajira? Ingieni wodi yoyote ya tiba ya ndani, wanaume au wanawake, mhesabu mvi.

SWALI: Bibi yetu ana miaka 77, anatoka nje usiku anazunguka, anaongea peke yake, na macho yake ni mekundu. Majirani wameanza kusema. Tunaogopa. (Shinyanga)

JIBU: Barua hii niliisoma mara tatu na naijibu kabla ya zote, ingawa imechapwa hapa.

Macho mekundu ni moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi miaka sitini atakuwa na macho mekundu, na wengine wana trakoma. Kuzunguka usiku ni demensia au deliriamu. Jua likizama mgonjwa huzidi kuchanganyikiwa. Hakuna la zaidi. Lakini Shinyanga, Mwanza, Geita na Simiyu wameshauawa bibi wengi kwa tuhuma za uchawi, kwa ushahidi huo huo, na mara nyingine nyuma ya maneno kuna shamba.

Asilale peke yake kuanzia leo. Mpelekeni hospitali ya wilaya, mkaombe maandishi yenye jina la ugonjwa. Nakala moja kwa mtendaji wa kijiji, nyingine kwa mwenyekiti, nyingine polisi, nanyi mseme kwa sauti mbele ya watu: bibi ni mgonjwa, anatibiwa. Na kwa daktari kijana atakayempokea: ukiandika "uzee" kwenye cheti hicho, umewaachia majirani wajaze jina. Andika ugonjwa.

SWALI: Mzee wa miaka 85 aliyevunjika nyonga anaweza kupasuliwa? Tumeambiwa tumpeleke nyumbani kwa fundi wa mifupa. (Iringa)

JIBU: Anaweza, na inatakiwa iwe ndani ya siku moja au mbili. Kinachowaua ni kulala: vidonda vya mgongo, damu kuganda, nimonia. Fundi wa mifupa hawezi kuunga nyonga.

SWALI: Baba anataka kuacha dawa za presha, kuna mtu anatoa kikombe cha dawa ya asili. (Manyara)

JIBU: Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500. Baadhi yao walikuwa wameacha dawa zao nyumbani. Nilikuwa zamu waliporudi. Asiache.

SWALI: Baba ana kitambulisho cha matibabu bure, lakini kila akifika dirisha la wazee anaambiwa dawa hakuna, akanunue. (Barua tisa)

JIBU: Ahadi hiyo ni ya Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Yule aliyekuwa na miaka 60 wakati ule sasa amevuka 80, kama yupo. Ombeni kuandikiwa "dawa haipo" kwa mkono na kwa tarehe, mpeleke karatasi hizo kwa mganga mkuu wa wilaya, zikiwa nyingi kwa pamoja. Karatasi moja hutupwa.

SWALI: Nikija na mama kliniki nije na nini? (Moshi)

JIBU: Swali la maana kuliko yote, na limeulizwa mara moja tu. Njoo na dawa zote zilizomo ndani: za hospitali, za dukani, za jirani, za mizizi, na zile alizoacha kunywa. Zitie kwenye kopo moja la siagi, usizipange. Njoo na miwani yake, na meno yake kama anayo ya bandia. Avae kandambili anazovaa kila siku, si viatu vya harusi. Aje na yule anayelala naye chumba kimoja, hata kama ni mjukuu wa miaka kumi. Huyo ndiye anayejua usiku kunatokea nini. Daktari akiuliza swali, wewe kaa kimya kwanza. Aanze kujibu mwenyewe.